Ulimi wa Baba Uliobaki Uwanjani

Ngoma za kiangazi tulizisikia kabla ya kuliona vumbi lake. Pamba ikishavunwa, kijiji chetu cha ujamaa nje ya Bariadi kikinuka magunia mapya na michembe ya viazi iliyoanikwa juu ya miamba, makundi mawili yalikutana uwanja mmoja, yakitazamana, na lililovuta watazamaji wengi ndilo lililoshinda. Baba alikuwa manju wetu, kiongozi wa nyimbo. Kwenye shamba la kijiji alikuwa mpole, akiitikia salamu ya "mwangaluka" kwa sauti ya chini kama mkwe. Akishika usinga alikuwa mtu mwingine, akiwatania mahasimu kwa nyimbo mpaka mama zao wakacheka. Lakini kila mtu alijua kwamba manju hashindi kwa sauti tu. Kulikuwa na dawa ya kuvuta watu, na dawa ya kumfunga mwenzako ulimi. Tuliamini hivyo, tena bila aibu.

Alasiri moja sauti ilimkatika Baba katikati ya ubeti. Tulidhani anatania. Usinga ukamdondoka, mkono wenyewe ukaning'inia, na mdomo ukaenda upande. Alijaribu tena kuimba, yakatoka mate. Mahasimu wakapiga vigelegele. Upande wetu wakapiga kelele, "Wamemfunga!"

Mama hakusikiliza hayo. Lori lililokuja kuchukua pamba lilikuwa limekwisha washwa kuelekea Bariadi, na dereva alikubali kumpakia mgonjwa.

"Mayu, mama, subiri," alisema Masanja, mpiga ngoma na rafiki wa Baba tangu utoto. "Ukimwondoa uwanjani kabla hajafunguliwa, ulimi utabaki hapa."

"Basi ubaki! Mimi namtaka mtu," Mama alijibu.

Lakini wanaume walikuwa wengi, na walimpenda Baba. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Walimlaza kivulini, wakamwita nfumu, mganga wa kundi letu, akamnywesha dawa iliyompalia mpaka akatokwa machozi. Lori likaondoka. Nilikuwa nimeshika kanga ya Mama, na nilimchukia Masanja kwa moyo wote.

Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kesho yake tulimfikisha hospitali kwa mkokoteni wa ng'ombe. Daktari alisema ni kiharusi, damu imekosa njia kichwani, akauliza mbona tumekawia. Baba aliishi miaka mingi akiburuta mguu, na neno lake likawa moja tu: "Hee." Njaa, hee. Uchungu, hee. Ngoma za kiangazi zikianza alilia, na Masanja, aliyekuja kumnyoa ndevu, alilia naye.

Mwaka jana dada yangu Kabula alikuwa anapepeta mchele uani kwake, ungo ukamponyoka. Nikamwambia acheke, upande mmoja wa uso haukucheka. Nikamwambia ainue mikono yote miwili, mmoja ukashuka. Majirani walikwisha anza kutaja majina ya wachawi, maana katika hilo hatujabadilika sana. Sikuwapa nafasi. Nilisimamisha bajaji nikiwa pekupeku, nikampakia, na hospitali wakamhudumia papo hapo.

Leo Kabula anaongea kupita kiasi. Ananigombeza kwamba nilimpeleka mjini na kanga iliyochanika, watu wote wakamwona. Ananirudia maneno hayo kila ninapomtembelea, na mimi nakaa tu, namsikiliza.