Siku Nyundo Ziliponyamaza

Siku yangu ya kwanza kazini, Metroni, mkuu wa wodi ya wazazi, hakunionyesha hata pa kuweka mkoba. Alinipa fetoskopu, kifaa cha mbao mfano wa tarumbeta ndogo. "Upande mpana tumboni, mwembamba sikioni," akasema. "Na mkono mmoja ushike mshipa wa mkono wa mama. Mapigo yakienda pamoja, unasikiliza moyo wa mama, si wa mtoto. Hapo usisahau, binti."

Zahanati yetu ilikuwa Kariakoo, upande wa Msimbazi, ukuta kwa ukuta na mafundi bati. Miaka ile ya Ujamaa bati jipya lilikuwa adimu, hivyo waligonga madebe makuukuu kutwa nzima kutengeneza ndoo na vibatari. Nyinyi wakunga wa leo mna mashine zenye spika. Sisi tulikuwa na sikio tu, na nyundo zote zile dirishani. Nami ni mtu wa wasiwasi tangu utoto.

Nilipousikia moyo wa mtoto mara ya kwanza, nililia. Ulikwenda mbiombio, kwa mbali, kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu. Nimekwenda kanisani tangu nikiwa mdogo kwetu Masasi, lakini sikuwahi kumhisi Mungu karibu namna ile. Tangu hapo kila nilipoinama niliogopa nisije nikakuta kimya.

Mwaka wa pili akaja kujifungua Mwajuma, mke wa kuli wa bandarini. Watoto wake watatu walikuwa wamefia tumboni. Nilisikiliza, nikapata mapigo ya haraka, nikaandika kwenye kadi: mtoto mzima. Mwajuma akatabasamu. Mkono wake sikuushika.

Metroni aliisoma kadi. "Ulishika mshipa?"

Nilitikisa kichwa. Akainama mwenyewe, vidole kwenye mkono wa Mwajuma. Alipoinuka uso ulikuwa umebadilika. "Uliousikia ni wa mama, unakimbia kwa uchungu. Wa mtoto siupati kwa kelele hizi. Kawaombe wanyamaze!"

Nilikimbia hadi kwa Mzee Selemani, mkubwa wa mafundi. "Shikamoo baba. Naomba mnyamaze kidogo. Tunautafuta moyo wa mtoto, hatuusikii."

"Marahaba," akaitikia, kisha akawageukia wenzake. "Jamani, wekeni chini!"

Niliporudi Metroni alinikabidhi fetoskopu. "Wewe ndiye uliyeandika. Tafuta."

Safari hii niliushika mkono. Nikasikiliza juu, nikashuka, nikahamia kulia. Hakuna kitu.

"Nesi, yupo?" Mwajuma akauliza. Nikahamia kushoto, chini ya kitovu. Pigo moja. Kimya. Pigo jingine, la polepole, lisilofuatana na la mama.

"Yupo, Metroni, lakini anachoka."

"Basi atoke sasa hivi. Sukuma, mama!"

Mtoto alitoka na kamba ya kitovu shingoni, hana sauti. Metroni aliifungua, akamfuta mdomo, akamsugua mgongo. Nilisema Mungu wangu, Mungu wangu, sijui mara ngapi. Kisha mtoto akalia.

Dirishani ikagonga nyundo moja. Halafu ya pili, halafu zote. Mimi niliwaomba wanyamaze kidogo tu, nikasahau kurudi kuwaambia. Muda wote ule walikuwa wamekaa na madebe mapajani, wakisikiliza pamoja nasi.

Nimestaafu, bado naishi mtaa uleule. Mafundi wamebaki wachache. Wakipumzika kula mchana na nyundo zikanyamaza, mkono wangu hushika mkono wa yeyote aliye karibu, hata wa muuza ndizi, ukitafuta mshipa. Wananicheka. Siuachii mpaka waanze tena kugonga.