Meza ya Mtani

Dirisha la kwanza nililochomelea nyumbani kwangu Kilosa lilikuwa na pembe nne, na tatu ndizo zilizokaa chini. Mwenye gesti wa Mikumi alililaza sakafuni, akaikanyaga ile ya nne iliyokuwa juu, na ya upande wa pili ikainuka. Akaikanyaga hiyo, ile nyingine ikainuka tena. Alifanya hivyo kama mtu anayekanyaga cherehani, na mimi nimesimama pembeni natamani ardhi inimeze.

Alikuwa mstaarabu, sina budi kusema. Aliniambia nitengeneze jingine, atakuja mwenyewe Kilosa kuliona, na kama nalo litacheza namna ile basi madirisha na milango yote ya gesti yake atampa fundi wa Morogoro. Na gesti hiyo ndiyo ilikuwa tegemeo langu lote. Nilikuwa nimepunguzwa kazi karakana, na kiinua mgongo chote kimeishia kwenye mashine ya kuchomelea. Mke wangu alishasema wazi kwamba kazi hii ikikosekana mashine inauzwa, tunahamia Munisagara kwa kaka yake tukalime. Jembe nalifahamu vizuri, ndiyo maana niliogopa.

Tatizo nililijua. Nilikuwa nachomelea chini, juu ya matofali. Chuma kikipata moto kinavuta kwenda kinakotaka chenyewe, na usipokibana juu ya kitu kilichonyooka kinakusaliti. Kule karakana tulikuwa na meza nzito ya chuma, na miaka yote ile sikuwahi hata kuitazama. Nilikuwa naweka chai juu yake.

Nikaenda Morogoro kuulizia bamba jipya la chuma la meza kama ile, nikatajiwa bei, nikaaga. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka yamejaa redio na sabuni za kila rangi. Zamani nilikuwa na mshahara na maduka matupu, sasa maduka yamejaa na mimi ndiye mtupu. Sikuelewa ilikuwaje, na sidhani kama nimeelewa mpaka leo. Nikarudi nyumbani nikapigilia bati juu ya mbao, nikajiita mjanja. Mbao zikashika moto, mke wangu akazizima kwa maji ya kuoshea vyombo, akarudi kwenye vyombo vyake.

Ndipo jirani akanidokeza kwamba Kimamba, kwenye kiwanda cha mkonge kilichofungwa, kuna bamba nene limelala tu. Nikapanda baiskeli. Mkono mtupu haulambwi, nikachukua na sukari.

Bamba lilikuwepo kweli. Lilikuwa juu ya mawe, pana kuliko kitanda changu, na juu yake mlinzi mzee alikuwa ameanika makopa ya muhogo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kabila langu. Nikamwambia Msagara. Mzee akaweka ungo chini na kuanza kucheka. Kumbe yeye ni Mnyamwezi! Nikajua nimepatikana.

Watu wa kwao na watu wa kwetu ni watani, tangu enzi wazee wao wanapita huku na mizigo kichwani. Mtani atakutukana na huruhusiwi kununa. Atachukua kuku wako na huruhusiwi kudai. Hata msibani, watu wanalia, mtani anashuka kaburini, analala, anagoma kutoka mpaka apewe chochote. Yote hayo ni heshima. Lakini jamani, siku unayotafuta jibu moja la kweli, usimwulize mtani.

Nikamwuliza bamba ni la nani. Akasema ni sahani ya mtumwa wake, na mtumwa mwenyewe amefika, basi aichukue. Nikacheka kidogo kwa adabu, nikamwuliza tena. Akasema ni lake, wenye kiwanda walimpa kwa ajili ya uzuri wa sura yake. Meno yalikuwa yamebaki machache. Nikamwambia mzee wangu, nina shida ya kweli, niambie nimwone nani, bei gani. Akaipokea sukari, akaionja kwa kidole, akasema bei ameshaipata.

Nilirudi Kilosa. Mke wangu akauliza, wamekupa au hawajakupa? Kiwanda kilikuwa kinasubiri mwekezaji, na kila mtu alikuwa na hadithi yake kuhusu nani amekamatwa na chuma cha nani. Nikilichukua na kumbe ilikuwa utani, mimi mwizi. Nisipolichukua, Munisagara. Nililala siku kadhaa nalo hilo bamba kifuani.

Mwisho nikasema potelea mbali. Nikaomba trekta lililokuwa linaleta mahindi Kilosa lipitie Kimamba. Mzee alituona, akakusanya makopa yake kwenye gunia bila haraka, na akashika pembe moja ya bamba akatusaidia kulipandisha, huku anahema. Nikaanza kutulia. Trekta lilipoanza kuondoka tu, akasimama katikati ya njia akapaza sauti, mwizi, mwizi, Msagara ameiba! Huku amejishika mbavu. Dereva nusura aruke chini akimbie.

Meza niliitengeneza kwa hasira. Miguu nilikata mabomba chakavu ya maji, juu nikasawazisha kwa uzi na pima maji mpaka macho yakauma. Nilipopiga moto mara ya kwanza, yakanuka makopa yaliyoungua, mke wangu akatoka jikoni kuuliza nani anachoma mihogo. Tulicheka, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Lakini askari yeyote akipita barabarani mimi nazima mashine.

Dirisha la pili nililibana juu ya ile meza, nikachomelea pembe hii, nikahamia ile, nikaacha lipoe. Nikalilaza, nikabonyeza kila pembe. Halichezi. Nikabonyeza tena, maana sikuamini.

Siku mwenye gesti anakuja, aliyetangulia kufika ni mzee wa Kimamba. Kavaa koti, kabeba kifurushi. Akapita moja kwa moja, akapanda juu ya meza yangu, akalala chali na kufumba macho. Akasema amekuja kuchukua bamba lake, na hatoki. Nilimbembeleza, nikampa chai, akainywa amelala. Mwenye gesti akaingia uani akamkuta hivyo hivyo.

Mzee akafumbua jicho moja. "Wewe ndiye mteja? Angalia sana. Chuma hiki ameniibia."

Mwenye gesti hakuwa wa kabila langu wala la mzee. Alitazama meza, akanitazama mimi, nikaona anakunja uso. Akasema yeye hapendi vitu vya matatizo, akageuka. Na dirisha langu limeegemea ukuta, limenyooka, hata hajalitazama!

Hasira zikanipanda, nikasahau utani. "Mzee, nakuomba. Mara moja tu, sema kweli. Ni la nani?"

Akakaa. Ghafla akaonekana amezeeka. Alizungumza na mwenye gesti, si na mimi. "Ni langu. Walipofunga kiwanda, hawakuwa na kiinua mgongo cha kutulipa. Wakasema kila mtu achague chuma. Mimi nikachagua hiki, nikampa huyu."

Nikamwuliza mbona hakuniambia. "Nilikuambia siku ya kwanza," akasema. "Ningekuambia na uso huu usiocheka, ungechukua?"

Nisingechukua. Kiinua mgongo cha mtu mzima, kwa kilo ya sukari? Mwenye gesti alirudi akalilaza dirisha juu ya meza, pembeni ya miguu ya mzee, akabonyeza pembe zote. Akasema niendelee na yaliyobaki. Nilisubiri siku nyingi kulisikia neno hilo, na lilipokuja nilishindwa kufurahi. Sikujua niangalie wapi.

Mzee alikuwa anakwenda stesheni. Anarudi kwao Tabora moja kwa moja, amepita kuniaga. Nilimbebea kifurushi. Treni ilipofika akaniambia, siku yake ikifika niende nikalale kaburini kwake, nisipokwenda bamba linarudi. Nikamjibu nitakwenda, na sitatoka mpaka wanipe na ng'ombe. Akacheka, akapanda.

Gesti niliimaliza, na nyumba nyingine nyingi baada yake, Munisagara tukawa tunakwenda kusalimia tu. Sikupata habari zake tena. Kwa umri ule, lazima alishazikwa. Aliponiambia niende alikuwa anatania au la, sijui. Najua tu kwamba alishuka mtu mwingine mle kaburini, au hakushuka mtu, na mimi bado natumia bamba lake.