Miche Minyonge ya Kwihara

Asubuhi moja ya Ijumaa, mwanangu, niling'oa kazi ya miaka saba ya mtu mwingine, na nilikuwa naimba wakati naing'oa.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilitoka kwetu Usoke, mtu mzima tayari, nikapata kazi Kwihara kwa Mzee Sefu, ambaye zamani alikuwa msaidizi wa bwana shamba. Mkewe alikuwa amefariki, watoto walipanda treni kwenda pwani na hawakurudi. Alibaki na michungwa na michenza yake, na jambo moja alilolitaka kabla hajafa: chungwa tamu lisilo na mbegu.

Kila msimu alifungua ua la mchungwa kabla halijachanua, akatoa vijiti vyake vya chavua, akalipaka chavua ya mchenza kwa unyoya wa kuku, kisha akalivika kifuko cha kitambaa cha marekani ili nyuki wasimharibie. Mara nyingi maua yalipukutika. Mwaka ule matunda machache yalishika, akapanda mbegu zake kwenye makopo. Kila mbegu ilitoa miche miwili au mitatu: mmoja mnene, mwingine umesinyaa.

Kwetu mtama ukiota hivyo, unang'oa minyonge ili yenye nguvu ipate nafasi. Mama alinifundisha hivyo. Sikuona haja ya kuuliza. Mzee alipokwenda mjini kuswali, nikapunguza miche kwenye makopo yote, nikaitupa ile midogo jaani, juani.

Alirudi alasiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akainama, akapapasa kopo la kwanza. "Ile midogo iko wapi?"

"Nimeing'oa, mzee. Nimekuachia yenye afya."

Akachuchumaa mbele ya makopo, kanzu ikiburuta vumbini. "Mnyamwezi wewe," akasema, akacheka kidogo, "umenipalilia mtama! Hii minene ni mchungwa mama yule yule, amejirudia. Uliochanganya damu ya mchungwa na mchenza ndio ule mnyonge."

"Tutarudia msimu ujao, mzee."

"Kwa macho ya nani? Hata mwaka huu maua nilikuwa nayaona kwa kupapasa."

Tulikuwa tukila sinia moja. Jioni ile alinipakulia sahani yangu, akaiweka kizingitini, akala ndani peke yake. Hakunifukuza, hakunitukana. Miezi mingi tuliishi hivyo, nyumba moja, kila mtu na sahani yake, hadi alipofariki. Mpaka leo ugali nikila peke yangu haushuki vizuri.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiingia kwenye kazi ya mtu, uliza kabla ya kusaidia. Ulichojifunza nyumbani ni kweli kwa mtama. Usidhani ni kweli kwa kila kinachoota. Na ukimkosea mtu, usikimbilie kumwambia mtarudia, maana wengine hawana msimu mwingine. Gonga mlango wake, hata kama sahani yako imewekwa nje. Mimi sikugonga. Mungu akupe subira, akupe na mtu wa kula naye.

Jambo moja sikumwambia mzee. Kesho yake, kabla hajaamka, nilikwenda jaani kuiokota miche ile. Nilikuwa nimeng'oa kumi na mmoja. Nilikuta kumi, imekauka kama nyuzi. Mmoja haukuwepo, na njia ya watu waendao sokoni ilipita pale pale; huenda mtu aliuokota.