Korongo la Rufiji na Jembe Jipya

Nichekeni tu, nastahili. Mie ni karani bandarini, nakaa Temeke. Dereva mmoja wa lori alinisimulia korongo la mto Rufiji, jinsi maji yanavyobanwa na majabali mpaka yananguruma. Tangu siku hiyo, kila nikiandika hati za mizigo nayasikia yale maji, hata usingizi naukosa.

Nikaomba likizo ya siku nne, nikamwendea balozi wetu wa nyumba kumi anipe barua ya safari. Kwa kuogopa kuitwa kupe, anayezurura wenzake wakilima, sikusema nakwenda kutazama. Nikasema, "Mzee, roho yangu yote iko Rufiji. Ardhi ile inaniita."

Mzee akanishika mkono, machozi yakimlengalenga.

Jumapili mkutanoni akanisimamisha mbele ya mtaa mzima. "Ndugu yetu huyu amejitolea kuhamia kijiji cha ujamaa Rufiji, yeye na mkewe!"

Vigelegele. Nikakabidhiwa jembe jipya. Mke wangu, ambaye ndiyo kwanza anazisikia habari hizo, akanikazia macho.

"Haya ndugu, tuambie," balozi akaniuliza. "Utaanza na zao gani?"

Nikalikumbatia lile jembe.

"Mzee, mie nilitaka kutazama maji tu."