Msindikizaji wa Rihab

Katika mtaa wetu wa Shujaiya hakuna asiyejua kanuni hii: mgonjwa akiomba kibali cha kutoka Gaza kwenda kutibiwa Quds, yaani Yerusalemu, msindikizaji wake awe ajuza. Bibi kizee aliyepinda mgongo, mwenye kisukari na magoti mabovu, huyo ndiye hupitishwa langoni. Kijana hapiti. Rihab alilijua hilo vizuri, na bado alipoulizwa jina la msindikizaji alimtaja Ibtihal, mwanamke wa miaka thelathini tu.

Alimtaja kwa wivu. Tusizungushe maneno.

Ibtihal alikuwa mjane wa Hatim, mdogo wake Munzir, na Munzir ndiye mume wa Rihab. Hatim aliuawa vitani akiwa juu ya paa anaziba tangi la maji. Eda ikaisha, na mjane akabaki na wanawe wawili katika chumba cha chini cha nyumba ya akina Munzir. Wazee wetu hawapendi damu yao ikalelewe na mwanamume baki. Ndugu akifa, ndugu humrithi mjane, na wajukuu hubaki. Kwa hiyo Mama Munzir alipoanza kumsifu Ibtihal mbele ya wageni, Rihab alielewa upepo unakovuma.

Kisha saratani ikaingia kwenye titi lake la kushoto. Titi likakatwa, akatiwa dripu mpaka nywele zikapukutika zote, na yeye akiwa kitandani Ibtihal akapanda juu kusaidia. Akapika, akafua, akamsuka Lubna, binti yake Rihab. Majirani wote walisema huo ni wema. Rihab alishukuru kwa mdomo, moyoni akaungua. Siku moja Munzir alilamba vidole kwa biringani na adesi za Ibtihal, akasema, "Wallahi umenikumbusha mkono wa mama." Rihab alikwenda kutapika, na safari hiyo dawa hazikuwa na lawama.

Hospitalini binti mmoja mshauri alikuwa akimuuliza kama anapata usingizi, kama anaogopa kufa. "Alhamdulillahi," Rihab alijibu. Angesema nini? Kwamba kifo hakimtishi kama vile kumwachia mwanamke mwingine kitanda chake? Kwamba akimwona mwenzake anachana nywele hutamani kuzinyofoa? Sisi huulizwa habari za mabomu na dawa zilizokwisha. Wivu hauulizwi, na wala Rihab hakuuona kuwa ni maradhi. Aliuona ni akili.

Sasa ilibaki mionzi, ambayo kwetu haipo. Ilimbidi akakae Quds wiki kadhaa. Kama angekwenda na mama mkwe, nyumbani wangebaki nani? Munzir juu, mjane chini, na ngazi moja katikati. Kikulacho ki nguoni mwako, akajisemea, basi bora nitoke nacho. Ndipo akalitaja jina la Ibtihal.

Jibu lilikuja kwenye simu ya Munzir mchana, wote wakiwa wamekaa kula: ombi bado linachunguzwa. Na siku aliyopangiwa hospitalini ilikuwa kesho yake asubuhi.

"Linachunguzwa nini?" Munzir alifoka. "Mama ana miaka sabini, atamfanya nini mtu?"

"Sikumtaja mama," Rihab akasema.

"Ulimtaja nani?"

"Ibtihal."

Mama Munzir akaweka kijiko chini. "Wewe mtoto, dawa zimekupanda kichwani? Hizi mvi nazifugia nini kama si kupita pale langoni?"

"Rihab," Munzir akauliza, sauti imemshuka, "unataka kufa?"

Rihab akainuka akaenda chumbani, na Ibtihal akamfuata. Rihab alijiandaa kwa ugomvi, tena aliutaka. Badala yake mwenzake alikaa ukingoni mwa kitanda akaanza kulia.

"Umenichagua mimi, dada? Tangu Hatim afe, watu wananiamulia tu. Kaa hapa, hamia kule. Hakuna hata mmoja aliyesema, nataka nifuatane na Ibtihal."

Rihab angeweza kuipokea sifa hiyo akanyamaza. Ikamshinda.

"Usilie, mjinga wewe. Nilikutaja ili nisikuache na mume wangu."

Ibtihal akafuta macho. "Aa," akasema. Kisha, taratibu: "Mama ameshanizungumzia habari hiyo. Kwamba ikitokea... ukiondoka."

"Ukasemaje?"

"Nilinyamaza. Nikikataa nitarudishwa kwa baba, na wanangu watabaki huku. Ungekuwa wewe ungesemaje?"

Kumbe Rihab hakuwa amekosea. Miezi yote ile aliyoyawaza yalikuwa kweli, na kweli yenyewe ilikuwa chungu kuliko shaka. Zaidi ya yote, alimwonea huruma, na hilo lilimuudhi.

"Unamtaka?" akauliza.

"Munzir? Anakoroma mpaka nasikia kule chini." Ibtihal alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Mimi namtaka Hatim."

Msidhani Rihab aligeuka malaika tangu hapo. Aliendelea kuangalia nani anampakulia nani. Lakini kwenye ombi la pili alimtaja mama mkwe, na baada ya kusubiri sana kibali kikatoka. Asubuhi ya safari alimkuta Ibtihal amekaa kwenye ngazi, Lubna kamlalia mapajani. Wivu ukampanda kama kawaida yake.

"Mama akikuuliza tena, usijibu mpaka nirudi."

"Na usiporudi?"

"Nitarudi. Kwa ubishi tu, nitarudi."

Pale langoni Beit Hanoun, baada ya ukaguzi, kuna njia ndefu iliyozungushiwa nyavu za chuma, na lazima uitembee kwa miguu. Mama Munzir alisimama katikati, ameshika magoti, pumzi zimemwishia.

"Pole pole, binti! Mgonjwa ni wewe au mimi?"

Rihab akarudi nyuma, akamnyang'anya begi, akalitupia begani upande ambao bado ulikuwa na titi.

"Tembea, mama," akasema. "Mimi nina mume nyumbani."