Jikoni kwa Nasike

Meza yangu ya leso na meza ya vyombo ya Nabututu zimepakana sokoni Kibuye kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo nimemkasirikia yeye kuliko nilivyowahi kumkasirikia mume wangu. Mimi ni Salme, mzaliwa wa Kisumu hapa hapa, mtaa wa Kaloleni. Yeye ni Mbukusu wa Kimilili. Alikuja mjini akimfuata mume, mume akafariki, akabaki na binti mmoja, Nasike, na meza ile. Namwita Mama Nasike, naye ananiita Mama Ikhlas.

Kwa vyombo hana mpinzani. Sufuria huigonga kitako kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, na ile isiyompendeza haipandi mezani. Mteja akishika fraipani, humwambia aishike kwa mkono mmoja, ainyanyue, angoje kidogo. "Utaibeba kila asubuhi, si leo tu," humwambia. Anapenda chombo kinachopendeza kikiwa kimetulia na kisichosumbua kikiwa kazini. Hotpoti zenye maua huzipanga nyuma, vikombe vya rangi moja mbele, chujio na miko zinaning'inia juu. Maharusi wa mji huu nusu yao wameanza maisha kwa vyombo vyake, na baadhi yao hurudi kumwonyesha picha kwenye simu: ona, Mama, kabati langu.

Hizo picha humuumiza. Nilichelewa kulijua hilo.

Kila mtindo mpya ukifika, kabla hajauza hata kimoja, huweka kimoja kando, akakifunga kwa magazeti, akakipeleka stendi kisafirishwe hadi Sondu. Huko ndiko aliko Nasike. Ana miaka minne tangu aende kukaa na Laban, kijana Mjaluo fundi wa kuchomelea milango. Kijana mwenyewe hana neno. Tatizo ni kwamba wazee wake hawajafika Kimilili kujitambulisha na kuleta mahari. Walipokuwa tayari, baba yake Laban akafariki. Walipomaliza matanga, wajomba wakakosana. Sasa kila mwaka wanasema Disemba, na Disemba inakuja na kupita.

Na mpaka waje, Nabututu hakanyagi kwa binti yake, wala hali chakula cha nyumba ile.

"Hii mila yenu itakuua," nilimwambia siku moja. "Panda gari, saa moja na nusu umefika. Nani atakukamata?"

"Mwacha mila ni mtumwa, Mama Ikhlas."

"Basi endelea kuwa huru hapa, unalia kwa sufuria."

Ndipo akanieleza. Mama yake mzazi alikuwa mtu wa moyo mwepesi. Nabututu alipoolewa, mama alimkumbuka sana, akaenda kumwona kabla ya kuitwa, akapikiwa, akala. Kuanzia siku hiyo mawifi walipata wimbo. Nabututu akidai chochote, akikataa chochote, jibu lilikuwa moja: mama yako alishiba mapema. Alisemwa hivyo mpaka siku ya kumzika mume wake. Aliapa kwamba Nasike hatasikia maneno hayo.

Nasike amewahi kuja Kisumu mara mbili, mara ya kwanza na mimba, ya pili na mtoto mgongoni. Alikaa kwenye stuli baina ya meza zetu, akanywa chai ya kununua, akawahi gari. Alipoondoka mara ile ya pili, mama yake alipangua meza nzima na kuipanga upya bila sababu.

"Nimemwona kama mteja tu," akasema. "Mimi nataka kumwona akikoroga."

Alikuwa amejijengea jiko la bintiye kichwani, maskini. Angeweza kunyamaza katikati ya biashara, kisha aseme, "Saa hii chujio liko kwa msumari, kulia kwa mlango." Nikimuuliza nani kamwambia, anasema anajua tu.

Mwezi uliopita nilipeleka leso Sondu, siku ya soko. Nabututu aliposikia, alinishika mkono.

"Ingia kwake. Angalia vizuri. Usikuje kuniambia ni nzuri, niambie iko aje."

Niliingia, na macho hayana pazia. Ni kijumba cha mabati nyuma ya nyumba. Laban ameunganisha vyuma vikawa rafu tatu, na vyombo vyote vya Kibuye viko pale: hotpoti zenye maua nyuma, vikombe vya rangi moja mbele, miko inaning'inia juu. Nilisimama nikaona meza ya jirani yangu imesimama Sondu.

Vyote vilikuwa vimetumika, isipokuwa hotpoti moja ya kijani juu kabisa, bado imo ndani ya nailoni yake.

"Hiyo ni ya mama," Nasike akasema. "Ya siku atakuja."

Alipika huku nikimwangalia. Anajua mimi sili nyama iliyochinjwa na yeyote tu, kwa hiyo alipika samaki, ngege wa ziwani, mboga ya mrenda na ugali wa wimbi. Nilikula nikashiba. Nilipokuwa nanawa, hasira ikanipanda, ile ya kumkasirikia mtu asiyekuwepo.

"Shusha ile ya kijani," nikamwambia. "Pakua, nimpelekee."

"Anti Salme, mama hawezi kula chakula ya hapa."

"Haingii nyumba yako. Atakula Kibuye, kwa meza yake. Ile ni soko, si kwa mkwe."

Alisita. Kisha nikaona uso wake unakubali. Aliichana nailoni kwa meno, akaiosha hotpoti mara mbili, akapakua kwa utulivu kama anapakulia mgeni wa heshima. Mnofu wa tumbo, ule mzuri, akauweka juu.

Nilifika Kibuye saa kumi. Nabututu alikuwa amenisubiri, hata stuli ameifuta.

Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia chujio liko kushoto. "Kushoto?" akasema. "Lakini anatumia mkono wa kulia." Akawaza. Akauliza akikaa kupika anaelekea wapi, jua linamfikia au halimfikii. Sikujua. Kwa nini sikuangalia jua? Nilijiona mpumbavu, nikaitoa hotpoti nikaiweka mbele yake.

Sikulazimika kumweleza. Alienda kunawa mikono. Akarudi, akakaa, akafunua kifuniko, na mvuke ukamgusa uso. Alifumba macho.

"Ameweka munyu," akasema polepole. Ni ile chumvi ya majivu ya maganda ya maharagwe wanayowekea mboga kwao. "Nilidhani huko amesahau."

Akakata tonge, akalifinyanga, akalichovya kwa mrenda. Likafika karibu na kinywa. Nilikuwa nimeshaanza kufurahi, Mungu anisamehe, nimeshaanza kujisifu moyoni. Halafu mkono ukashuka, akalirudisha tonge mahali pake.

"Siwezi."

"Nani atajua?" nikapaza sauti, watu wakageuka. "Tuko wawili tu! Mimi naenda kumwambia nani?"

"Nasike atajua. Atafurahi, si unamjua? Atamwambia Laban, Laban ataambia dada zake." Alitikisa kichwa. "Mimi nikishiba leo, yeye ndiye atalipa, miaka yote."

Ningeweza kubishana na mila yao mpaka jua lizame. Kubishana na alichofanyiwa yeye sikuweza, na roho iliniuma kwa sababu mimi ndiye niliyemletea jaribu lile mpaka puani. Nilinyoosha mkono nifunike, niiondoe mbele yake.

Akanizuia.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba mpaka hapa, Mama Nasike. Nimekula kwake."

"Kula tena."

Aliisukuma hotpoti upande wangu wa meza, akanigeuzia stuli tutazamane. Mteja alikuja akauliza bei ya thamosi, hakujibiwa. Nikachukua lile lile tonge alilofinyanga yeye, nikalitia kinywani.

"Chumvi?"

"Imekaa."

"Samaki amekauka, ama ana mchuzi?"

"Ana mchuzi. Nyanya kidogo. Ni laini."

"Ugali?"

"Umeiva. Hauna madonge."

Machozi yalikuwa yananitoka nikitafuna, na yeye hakuwa analia. Alikuwa ameegemea mbele, anaangalia kinywa changu. Nikakata tonge lingine, kubwa, nimalize mateso yale upesi.

"Polepole, Mama Ikhlas," akasema. "Usimalize haraka."