Kinyoya Kisichoonekana

Asubuhi moja ufukweni Igogo nilimkuta binti mmoja akifanya mazoezi ya mchezo wa badminton bila kile kinyoya kinachopigwa. Goti lake lilikuwa limepona majuzi, na mwalimu wake alitaka kwanza miguu ikumbuke hatua. Basi akawa anaruka, anarudi nyuma, anaipiga hewa kwa raketi taratibu kama mtu aliye usingizini.

Mama aliyeanika dagaa pembeni akauliza, "Mwanangu, unapiga nini?"

"Shikamoo mama. Napiga kinyoya."

"Marahaba." Akaacha kugeuza dagaa, akawa anakifuata kwa macho huku na huku. Binti akaruka juu, akapiga kwa nguvu. Shingo ya mama ikageuka, ikakifuata hadi mchangani.

"Hicho kimetoka nje."

"Kimegusa mstari, mama."

Wakanigeukia mimi. Niliutazama mchanga ule usio na mstari wowote. Kilikuwa kimegusa.